Kutoa skima kutoka modeli za ORM hadi faili la SQL, na mambo ambayo faili hilo halikwambii

Mtunza databesi hataki kusoma Python yako. Anataka faili moja la `.sql` lenye skima (muundo wa databesi), alifungue, alisome juu hadi chini, aulize maswali yake, kisha aliendeshe kwa mkono wake. Mkaguzi wa mfumo anataka hilohilo, na mwandishi wa ripoti anayetafuta safu ipi inaruhusiwa kubaki tupu naye pia. Wewe uliyezoea ORM, maktaba inayounganisha klasi za programu na majedwali ya databesi, huna faili hilo. Una klasi, na imani kwamba klasi hizo ndizo databesi.

Imani hiyo ndiyo huleta taabu. Ndani ya modeli kuna mambo ya aina mbili yaliyochanganyika: yale ambayo ORM huiambia databesi, na yale ambayo ORM hujifanyia yenyewe ndani ya programu. Ukitoa faili, aina ya pili hubaki nyuma kimyakimya, bila kosa wala onyo. Kulipata faili ni kazi ya mistari kumi na kitu. Kujua kilichoachwa ndiyo kazi yenyewe.

Mifano hapa ni ya SQLAlchemy 2.0, ORM ya Python, na PostgreSQL. Django na Hibernate zinafuata kwa ufupi.

Kwanza chagua chanzo

Skima inaweza kutolewa sehemu tatu, na hazitoi kitu kimoja.

Modeli zinaonyesha msimbo unavyotaka databesi iwe. Migresheni, yaani hatua za kubadilisha databesi zilizohifadhiwa kwa mfuatano, zinaonyesha njia iliyopitiwa: kwa Alembic, chombo cha migresheni cha SQLAlchemy, `alembic upgrade head --sql > njia.sql` huandika SQL ya hatua zote tangu ya kwanza bila kuunganishwa na seva, zikiwemo safu zilizoongezwa mwaka juzi na kufutwa mwaka jana. Databesi yenyewe, ukiisoma kwa `pg_dump --schema-only`, inaonyesha kilichopo kweli, pamoja na ile indeksi ambayo mtu aliiongeza kwa mkono usiku wa manane na hakumwambia yeyote.

Anayejenga databesi mpya au anayetaka kuusoma muundo, mpe faili la modeli. Anayeboresha databesi yenye data, mpe kipande cha migresheni kati ya hatua mbili: `alembic upgrade a1b2:c3d4 --sql`. (Migresheni inayofanya `SELECT` ili kubadilisha data itakwama hapo, maana hakuna databesi ya kuijibu.) Faili la modeli lisipelekwe kamwe kwenye databesi yenye data. Limejaa `CREATE TABLE`, halina `ALTER` ya kubadilisha kilichopo. Wapo wanaolitengeneza kwa kuongeza `IF NOT EXISTS`, na huo ndio mtego mbaya kuliko yote: jedwali la zamani likiwapo, amri inarukwa, faili linamalizika bila kosa, na safu mpya haipo. Heri amri igome kwa kelele.

Modeli za mfano

```python
# modeli.py
import enum
from datetime import datetime
from decimal import Decimal
from sqlalchemy import (DateTime, Enum, ForeignKey, MetaData,
                        Numeric, String, func)
from sqlalchemy.orm import DeclarativeBase, Mapped, mapped_column

class Hali(enum.Enum):
    RASIMU = "rasimu"
    IMELIPWA = "imelipwa"

class Msingi(DeclarativeBase):
    metadata = MetaData(naming_convention={
        "ix": "ix_%(table_name)s_%(column_0_N_name)s",
        "uq": "uq_%(table_name)s_%(column_0_N_name)s",
        "ck": "ck_%(table_name)s_%(constraint_name)s",
        "fk": "fk_%(table_name)s_%(column_0_N_name)s",
        "pk": "pk_%(table_name)s",
    })

class Mteja(Msingi):
    __tablename__ = "wateja"
    id: Mapped[int] = mapped_column(primary_key=True)
    jina: Mapped[str] = mapped_column(String(120))
    simu: Mapped[str | None] = mapped_column(String(20), unique=True)

class Ankara(Msingi):
    __tablename__ = "ankara"
    id: Mapped[int] = mapped_column(primary_key=True)
    mteja_id: Mapped[int] = mapped_column(
        ForeignKey("wateja.id", ondelete="RESTRICT"), index=True)
    hali: Mapped[Hali] = mapped_column(
        Enum(Hali, name="hali_ya_ankara"), default=Hali.RASIMU)
    jumla: Mapped[Decimal] = mapped_column(Numeric(14, 2))
    iliundwa: Mapped[datetime] = mapped_column(
        DateTime(timezone=True), server_default=func.now())
```

Hiyo `naming_convention` si urembo. Bila hiyo, vizuizi vingi hutoka bila majina na kila databesi huvibatiza kwa mtindo wake. Siku ya kuvifuta au kuvilinganisha, huna jina la kuita. Iweke kabla ya kutoa faili la kwanza, kwa sababu kuiongeza baadaye hakubadilishi majina yaliyokwisha kuingia kwenye databesi. Kwa mpangilio wa `ck` ulioandikwa hapo juu, kila `CheckConstraint` ni lazima uipe jina mwenyewe, la sivyo SQLAlchemy itagoma. Na igome.

Skripti ya kutoa faili

```python
# toa_skima.py
from pathlib import Path
from sqlalchemy import create_mock_engine
from modeli import Msingi

amri = []

def pokea(ddl, *args, **kwargs):
    maandishi = str(ddl.compile(dialect=injini.dialect)).strip()
    mistari = [m.rstrip() for m in maandishi.splitlines()]
    amri.append("\n".join(mistari) + ";")

injini = create_mock_engine("postgresql+psycopg2://", pokea)
Msingi.metadata.create_all(injini, checkfirst=False)

if not amri:
    raise SystemExit("Hakuna jedwali hata moja: angalia import")

Path("skima.sql").write_text(
    "\n\n".join(amri) + "\n", encoding="utf-8", newline="\n")
```

`create_mock_engine` imekuwapo tangu toleo la 1.4. Ukikutana na mafunzo yanayoandika `strategy="mock"`, ni ya zamani. Injini hii haiunganishwi popote wala haihitaji nenosiri. Kila amri ambayo ingepelekwa kwenye seva inapelekwa kwa `pokea`. `checkfirst=False` inasema usiulize kama jedwali lipo, kwani hakuna wa kuulizwa. Nukta-mkato tunaiongeza wenyewe, kwa kuwa SQLAlchemy haiiandiki. `rstrip` inaondoa nafasi inayoachwa baada ya kila mkato mwishoni mwa mstari, ambayo huwasumbua wanaokagua mabadiliko kwenye Git. Kigezo cha `newline` kwenye `write_text` kinahitaji Python 3.10 au zaidi.

Ile `if not amri` inazuia kosa la kawaida kuliko yote: faili tupu. `metadata` inajua tu klasi ambazo moduli zake zimekwisha kuletwa kwa `import`. Ukiwa na `modeli/wateja.py`, `modeli/ankara.py` na `modeli/stoo.py`, kuleta `Msingi` peke yake hakuziamshi nyingine. Baya zaidi ni faili la nusu, pale `stoo.py` inaposahauliwa na nyingine zikaonekana. Hesabu majedwali kwa `len(Msingi.metadata.tables)` na ulinganishe na idadi unayoitarajia.

Njia nyingine inayopatikana mitandaoni ni kuzunguka kwenye `metadata.sorted_tables` na kuchapa `CreateTable(t)` moja moja. Inafaa kwa kutazama jedwali moja. Kwa faili zima haifai: haitoi `CREATE TYPE` ya Enum (orodha ya thamani zinazoruhusiwa), haitoi indeksi, wala triga (amri zinazojiendesha tukio fulani likitokea kwenye jedwali) ulizozifunga kwa tukio la `after_create`. Tena `str(CreateTable(t))` bila kutaja lahaja (aina ya databesi inayolengwa) hutoa SQL isiyo ya databesi yoyote, yenye `id INTEGER NOT NULL` mahali ambapo PostgreSQL ingepewa `SERIAL` na MySQL ingepewa `AUTO_INCREMENT`.

Yasome matokeo kama mtu asiyeyaamini

```sql
CREATE TYPE hali_ya_ankara AS ENUM ('RASIMU', 'IMELIPWA');

CREATE TABLE wateja (
	id SERIAL NOT NULL,
	jina VARCHAR(120) NOT NULL,
	simu VARCHAR(20),
	CONSTRAINT pk_wateja PRIMARY KEY (id),
	CONSTRAINT uq_wateja_simu UNIQUE (simu)
);

CREATE TABLE ankara (
	id SERIAL NOT NULL,
	mteja_id INTEGER NOT NULL,
	hali hali_ya_ankara NOT NULL,
	jumla NUMERIC(14, 2) NOT NULL,
	iliundwa TIMESTAMP WITH TIME ZONE DEFAULT now() NOT NULL,
	CONSTRAINT pk_ankara PRIMARY KEY (id),
	CONSTRAINT fk_ankara_mteja_id FOREIGN KEY(mteja_id) REFERENCES wateja (id) ON DELETE RESTRICT
);

CREATE INDEX ix_ankara_mteja_id ON ankara (mteja_id);
```

Anza na safu ya `hali`. Kwenye modeli tuliandika `default=Hali.RASIMU`. Kwenye faili haipo. `default` ni ya Python: SQLAlchemy huijaza inapotuma `INSERT` yake yenyewe. Mtu akiingiza ankara kwa `psql`, au programu nyingine ikiandika kwenye jedwali hilo, atakutana na kosa la `NOT NULL`. Inayoingia kwenye faili ni `server_default`, kama ilivyo kwa `iliundwa`. Kanuni tunayoishika: databesi inayoandikwa na zaidi ya programu moja, kila `default` ya thamani isiyobadilika iwe na `server_default` pembeni yake. `onupdate` nayo hubaki Python. Hata `server_onupdate` haikutengenezei triga, inaiarifu ORM tu kwamba triga ipo, na kuiandika ni juu yako.

Sasa tazama Enum. Thamani kwenye klasi ni `"rasimu"`, lakini kwenye faili ni `'RASIMU'`. SQLAlchemy huhifadhi majina ya wanachama, si thamani zao. Ukitaka thamani, andika `values_callable=lambda k: [m.value for m in k]` ndani ya `Enum(...)`, na uamue hilo kabla data haijaingia.

`ondelete="RESTRICT"` imetoka kwa sababu imeandikwa kwenye `ForeignKey`. Ungeandika `cascade="all, delete-orphan"` kwenye `relationship`, isingeonekana popote, maana hiyo ni tabia ya ORM. Na indeksi ya `mteja_id` imetoka kwa sababu ya `index=True` peke yake. PostgreSQL haiwekei indeksi ufunguo wa kigeni, ilhali InnoDB, injini ya hifadhi ya MySQL, huiweka yenyewe. Anayehama kutoka MySQL huligundua hilo majedwali yakishakuwa makubwa na ufutaji wa mteja mmoja unachukua dakika.

Ukibadilisha anwani ya injini iwe `mysql+pymysql://`, modeli hizohizo hutoa faili la MySQL, na hapo kuna mitego yake. `String` bila urefu inagoma, kwani `VARCHAR` ya MySQL lazima iwe na namba. Hilo si tatizo, limesema lenyewe. Tatizo ni `Numeric` bila vipimo: PostgreSQL inaichukulia kama namba isiyo na kikomo cha desimali, MySQL inaichukulia kama `DECIMAL(10,0)`. Ankara ya 1,250.75 inaingia kama 1,251 na senti zinapotea mbele ya macho yako. Kwenye safu yoyote ya fedha andika tarakimu zote mbili, `Numeric(14, 2)`. `DateTime` nayo kwenye MySQL huwa `DATETIME` isiyo na sehemu za sekunde.

Vitu ambavyo modeli haivijui

`create_all` haiandiki `CREATE SCHEMA`, hata kama umeweka `schema="hesabu"` kwenye jedwali. Haiandiki `CREATE EXTENSION` unapotumia `citext` au PostGIS. Haijui `GRANT` ya kutoa ruhusa, wala mionekano (`VIEW`) iliyoundwa kwa mkono. Viandike kwenye faili dogo, tuseme `00_kabla.sql`, litakaloendeshwa kabla ya `skima.sql`, na ruhusa uziweke `99_baada.sql`. Kama unaweka kiendelezo kwa ajili ya kutengeneza UUID tu, kiondoe: `gen_random_uuid()` imo ndani ya PostgreSQL tangu toleo la 13.

Alama ya asilimia pia iangalie. psycopg2 hutumia `%` kuonyesha nafasi za vigezo, kwa hiyo SQLAlchemy huiandika mara mbili. `server_default="5%"` itatoka kwenye faili ikiwa `'5%%'`, na `psql` itaihifadhi hivyohivyo. Endesha `grep -n '%%' skima.sql` na urekebishe ndani ya `pokea`, si kwenye faili.

Jambo la mwisho hapa ni mpangilio. Majedwali hupangwa kwa kufuata funguo za kigeni, kwa hiyo hayarukiruki. Lakini `table.indexes` ni seti, na jedwali lenye indeksi tatu linaweza kuzitoa kwa mpangilio tofauti leo na kesho. Kusanya amri zinazoanza na `CREATE INDEX` na `CREATE UNIQUE INDEX` pembeni, zipange kwa alfabeti, uzimwage mwishoni.

Lijaribu kwenye databesi tupu

Faili ambalo halijawahi kujenga databesi tupu usilitume kwa mtu.

```bash
createdb skima_a
psql -X -v ON_ERROR_STOP=1 -1 -d skima_a -f skima.sql
```

Bila `ON_ERROR_STOP=1`, `psql` inapiga kosa, inaendelea na amri inayofuata, na mwishowe inarudisha sifuri kana kwamba kila kitu ni salama. Ikiwapo, inasimama na kurudisha 3. `-1` inafunga kazi yote kwenye muamala mmoja ili kosa la mstari wa 400 lisiache nusu ya majedwali.

Kisha jenga `skima_b` kwa `alembic upgrade head` na ulinganishe:

```bash
pg_dump -s -O -x -d skima_a > a.sql
pg_dump -s -O -x -T alembic_version -d skima_b > b.sql
diff a.sql b.sql
```

Tegemea tofauti mbili zisizo na madhara. Moja ni mpangilio wa safu. Migresheni huongeza safu mpya mwishoni mwa jedwali, modeli huiweka pale ulipoiandika. Nyingine ni mistari ya `\restrict` na `\unrestrict` iliyoanza kwenye matoleo ya Agosti 2025, kama 17.6 na 16.10. Hubeba ufunguo wa kubahatisha unaobadilika kila mara, hivyo zipe `pg_dump` zote mbili `--restrict-key=skima` ili mistari hiyo ifanane. Tofauti yoyote iliyobaki ni kosa la mtu.

`alembic check`, iliyokuja na toleo la 1.9, inafanya kazi inayokaribiana na hiyo, lakini usiitegemee peke yake. Kwa mipangilio yake ya kawaida hailinganishi thamani za `server_default`, na thamani mpya iliyoongezwa kwenye Enum ya PostgreSQL inaipita bila kuonekana.

Django

Django haina amri ya kutoa skima nzima kutoka modeli. Ile `sqlall` ya zamani iliondolewa kwenye 1.9. Iliyopo ni `python manage.py sqlmigrate ankara 0003`, ya migresheni moja, tena inahitaji databesi iliyo hai ili ijue majina ya vizuizi. `RunPython` ndani yake huonekana kama maoni tu, bila SQL. Kwa skima nzima, njia isiyochosha ni kuendesha `migrate` kwenye databesi tupu na kuisoma kwa `pg_dump -s`. Kuunganisha matokeo ya `sqlmigrate` thelathini kwa mkono ni kujitafutia kazi.

Ya kuangalia: `on_delete=models.CASCADE` hufanywa na Python, kwa hiyo kwenye SQL ufunguo wa kigeni hauna `ON DELETE CASCADE`, na mtu anayefuta mteja kwa SQL atazuiwa. `choices` haziingii kwenye databesi, ongeza `CheckConstraint` kama unazitaka zilindwe. `default` nayo ni ya Python, na inayoingia kwenye skima ni `db_default`, iliyoletwa na 5.0.

Hibernate ndani ya Spring Boot

```
spring.jpa.properties.jakarta.persistence.schema-generation.scripts.action=create
spring.jpa.properties.jakarta.persistence.schema-generation.create-source=metadata
spring.jpa.properties.jakarta.persistence.schema-generation.scripts.create-target=skima.sql
spring.jpa.properties.hibernate.hbm2ddl.delimiter=;
```

Spring Boot 2 bado inatumia `javax` badala ya `jakarta`. Ukikosea hapo, huenda faili lisionekane bila kosa lolote kutokea. Hibernate pia huongeza mwishoni mwa faili lililopo badala ya kuliandika upya. Ukiwasha programu mara nne utapata kila jedwali mara nne, kwa hiyo lifute kabla ya kila mzunguko.

Kuliweka kwenye Git

Liweke faili kwenye hazina pamoja na modeli, na kwenye hatua za ukaguzi otomatiki endesha `python toa_skima.py && git diff --exit-code skima.sql`. Aliyebadilisha modeli bila kutoa faili upya atazuiwa hapo, na anayekagua ataona `VARCHAR(20)` ikigeuka `VARCHAR(15)` kwa SQL iliyo wazi badala ya kuitafuta ndani ya klasi.

Kwenye Windows usilitengeneze faili kwa alama ya `>`. PowerShell 5.1 huandika UTF-16, na `psql` itakataa mstari wa kwanza kwa kosa lisiloeleweka. Ndiyo maana skripti yetu inaandika faili yenyewe. Hilo linazuia pia `print` iliyosahauliwa kwenye mipangilio isiingie katikati ya SQL.

Na ukitaka kichwa juu ya faili, usiweke tarehe wala saa, maana `git diff` itapiga kelele kila siku bila sababu. Weka namba ya hatua ya mwisho ya Alembic, ile inayotolewa na `alembic heads`.